SOMO: Mkeka, jamvi na zulia la mkonge ndani ya nyumba, kuchagua mpaka kutunza

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita inboksi "zulia langu la mkonge linanuka nifanyeje", na kila nikidadisi inakuwa moja kati ya mawili, sakafu ilikuwa mbichi au mtu kalifua. Nimechoka kuandika jibu lile lile kwahiyo naliweka hapa lote, mwenye kusoma asome. Niko Tanga, natandika sakafu za vitu vya asili mwaka wa kumi na moja huu, na bibi yangu mzaa mama alikuwa msukaji, ukili (ule utepe wa majani uliosukwa, zikiwa nyingi ni kili) nimeujua kabla ya kujua kusoma.

1. Jua unanunua nini
Watu wanaita kila kitu mkeka. Mkeka wa ukindu ndo ule laini wenye rangi, wa chumbani, wa sebule ya kukaa chini, wa watoto. Jamvi ni la miyaa, nene, halina mapambo, linavumilia shughuli na miguu mingi (nazungumzia jamvi la kukalia, mafundi ujenzi msinichanganye na jamvi la zege, lile tabaka la chini ya sakafu). Zulia la mkonge linafumwa kiwandani kwa singa, yaani nyuzi za mkonge, ni gumu kidogo kwenye nyayo ila likitunzwa linakaa miaka. La usumba, yaani makumbi ya nazi, ni la mlangoni na korido, linakwangua mchanga vizuri lakini mtoto anayetambaa litamchubua magoti. Juti ndo laini kuliko yote na ndo dhaifu kuliko yote, ni kitambaa kile kile cha gunia, weka chumba kikavu kisichopitwa sana na watu.

Ukichagua mkeka wa ukindu usiangalie rangi kwanza. Uinue uelekeze dirishani, ukiona mwanga unapenya kwenye mishono basi kili zimeunganishwa kwa haraka, miezi michache tu zitaanza kuachana. Halafu lowesha ncha ya kitambaa cheupe usugue pale penye rangi kali, ikitoka rangi ujue itahamia kwenye nguo na kanzu za watu.

2. Hakikisha siyo plastiki
Chomoa uzi mmoja pembeni, toka nje, uchome. Mkonge unaungua kama karatasi na kubaki jivu unalolipukuta kwa vidole. Plastiki inajikunja, inayeyuka na kuganda kidonge kigumu cheusi, na harufu yake unaijua. Muuza akikukatalia uzi mmoja, nenda duka la pili.

3. Pima chumba kwa futi, ongeza inchi mbili tatu kila upande kama litakatwa.

4. PIMA UNYEVU WA SAKAFU. Someni hapa taratibu
Hapa ndo nilipoharibu kazi ya mtu. Nyumba ilikuwa mpya, sakafu imepigwa niru (ile saruji laini ya juu) wiki tano tu zimepita, nikapapasa kwa kiganja nikaona kavu, nikabandika zulia la mkonge kwa gundi sebule nzima, ukuta kwa ukuta. Ilikuwa mwishoni mwa Machi. Aprili masika yakakaza, wiki ya tatu mama mwenye nyumba ananipigia, kona ya nyuma ya kochi inanuka gunia bichi. Nikaenda nikainua ile kona, gundi imelainika inavutika kama uji wa muhogo, mgongo wa zulia umeota ukungu wa kijivu, na ukibonyeza singa unasikia baridi ya maji. Tulitoa zulia lote likatupwa. Nilimrudishia hela yake kwa awamu miezi minne na yule mama hakuwahi kunitolea neno baya, jambo ambalo mpaka leo linanikaa moyoni.

Kosa ni kuamini uso wa sakafu. Niru inakauka juu siku chache tu lakini zege la chini bado lina maji, na ukilifunika yale maji yanapanda yanakutana na mgongo wa mpira wa zulia yanakwama palepale. Kadirio la mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na hapo ni kwenye hewa kavu, huku kwetu pwani wakati wa masika ongeza.

Kipimo hakihitaji hela. Kata nailoni ngumu inayoonyesha, nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa hata kidogo, iache mpaka kesho yake saa zile zile. Ukikuta matone chini ya nailoni au saruji imebadilika rangi kuwa nyeusi nyeusi, USITANDIKE. Pima sehemu tatu, na moja iwe karibu na ukuta wa bafu.

Na nyumba za zamani msijione mmepona. Nyingi jamvi la zege lilimwagwa bila nailoni chini, maji ya ardhini yanapanda miaka yote. Ukiona chumvi chumvi nyeupe chini ya ukuta na rangi inabanduka, sahau kugundisha, tumia mkeka wa kutandika na kuviringisha.

5. Litandue chumbani lilale siku mbili kabla ya kukata, lizoee hewa ya humo.

6. Kutandika
Juu ya marumaru weka wavu wa mpira chini yake lisiteleze, hasa kama kuna wazee. Gundi ni kwa sakafu iliyopita namba 4 tu.

7. Usafi
Mashine ya kunyonya vumbi mara mbili kwa wiki, au ufagio laini. La kuhamishika linyanyue kila wiki upige vumbi la chini, mchanga ukikaa unasaga singa kama msasa. Zulia la mkonge HALIFULIWI. Halimwagiwi maji, halipigwi brashi na povu, halipelekwi kwa waosha magari. Na ukipiga deki, dekio likamue sana na usilivute kuelekea zulia, kingo nyingi zinaozea hapo.
Kikimwagika kitu, kandamiza kitambaa kikavu, usisugue, anzia nje uje katikati, halafu feni. Mafuta mwagia poda ya mtoto, iache usiku, asubuhi nyonya.
Mkeka wa ukindu wenyewe unafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, ukauke kivulini penye upepo. Jua la mchana linaukausha mpaka unakatika. Na unaviringishwa, haukunjwi kama shuka, kwenye mkunjo ndo unapovunjika.

Maswali karibuni, ila mtu awe amesoma.

kaka_mkubwa: Asante kwa somo. Nauliza je zulia la mkonge naweza kulifua kwa sabuni ya unga kidogo?

Jibu: Namba 7, nimeandika kwa herufi kubwa.

kaka_mkubwa: Nilimaanisha kidogo tu

Jibu: Shida ni maji, kidogo na kingi ni yale yale.

fundi_sakafu: Dada acha kutisha watu, mimi natandika mwaka wa nane sijawahi kubandika hizo nailoni na sijalalamikiwa.

Jibu: Hata mimi nilikuwa sijalalamikiwa mpaka siku niliyolalamikiwa. Kipimo ni nailoni na selotepu, hasara yake ni kungoja siku moja. Zulia la watu likioza hutalilipa wewe kwa maneno hayo. Kama nyumba zako zote zina nailoni chini ya zege na zimekaa miezi, sawa, ila anayesoma hapa hajui yake ikoje.

binti_kilindini: Shikamoo dada. Huku Mombasa tumezoea mikeka ya miyaa na zulia la makumbi pale mlangoni. Nataka kuelewa, mbona la makumbi linanyeshewa na haliharibiki upesi lakini la mkonge tone moja linaacha doa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hili ndo swali nilikuwa nalingoja. Makumbi kabla ya kuwa uzi yanazikwa kwenye mashimo ufukweni, kule Unguja kina mama wanayafukia miezi mingi maji ya bahari yanaingia na kutoka, ile nyama laini inaoza inabaki nyuzi tu, halafu yanapondwa. Kwahiyo kilichobaki ni kile kilichokwisha shindana na maji, tena nyuzi zake zina ugumu wa mti. Singa ya mkonge inatolewa kwenye jani bichi, inapita korona (mashine ya kukwangua jani ibaki nyuzi), inaoshwa na kuanikwa, basi. Inanyonya sana, hata unyevu wa hewa inanyonya, ndo maana zulia linatanuka masika na kusinyaa kiangazi. Lile doa la kahawia mara nyingi siyo uchafu, ni rangi ya mmea wenyewe, maji yanaiyeyusha yanapanda nayo mpaka ncha ya uzi, yanakauka yanaiacha pale. Ndo sababu ukiongeza maji kulitoa doa unaliongezea ukubwa. Na hata la makumbi libanduliwe likaukie pande zote mbili, sakafu ya chini ipumue.

mwanafunzi_korogwe: Mkonge ni wa asili yetu kweli au uliletwa?

Jibu: Uliletwa. Kwao ni Yucatán huko Mexico, na jina sisal ni la bandari ya kule. Mjerumani Richard Hindorf ndo aliagiza miche 1893 kupitia Florida, katika elfu moja ilifika hai 62, ikapandwa upande wa Pangani. Kufika 1964 nchi ilikuwa inatoa tani kama 230,000 kwa mwaka. Babu zetu wengi walikuja Tanga kukata huo mkonge. Na ujue jani zima uzi wake ni kama asilimia nne tu, linalobaki ni maji na nyama ya jani, kwahiyo ukiona mita moja ya zulia ujue ni majani mangapi.

mama_wawili: Nina mtoto wa mwaka na nusu, hajaacha kukojoa ovyo. Nichukue mkonge?

Jibu: Hapana mama, subiri. Chukua mikeka ya ukindu miwili, mmoja unatumika mwingine unapumzika. Akikojoa futa hapo hapo kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, ugeuze juu chini, uutundike kwenye kamba kivulini. Mkonge utanunua akishazoea choo.

Mzee_Chumbageni: Na kunguni kwenye mkeka? Zamani tuliupiga fimbo tu.

Jibu: Shikamoo mzee. Fimbo inawaangusha haiwaui, wanarudi kwa miguu. Hapa ndo navunja sheria yangu ya jua, bora mkeka uchakae kidogo. Uwekee ndani ya mfuko wa nailoni nyeusi uliofungwa, uuache kwenye bati juani mchana mzima siku mbili, halafu kagua mishono yote, mayai yanakaa pale kili zinapokutana.

fundi_sakafu: Mchwa je? Mimi hao ndo wananisumbua.

Jibu: Hapo tuko pamoja. Mchwa wanakuja na unyevu na giza, ukiona njia ya udongo ukutani usitandike kwanza, dawa ipigwe kwenye chanzo chao. Na usiache kochi limekaa sehemu moja mwaka mzima, lisogeze uangalie chini.

jirani_mwema: bei gani kwa mita

Jibu: Hapa siuzi.

neema_k: Dada nimeweka nailoni jana baada ya kusoma. Nyumba ina miezi minne. Sebuleni pakavu kabisa, chumbani kwa watoto upande wa bafu nimekuta matone kama jasho. Na fundi wa zulia anakuja Jumamosi.

Jibu: Mpigie leo umwambie Jumamosi ni sebule peke yake. Chumba cha watoto kagua bomba la bafu kwanza, usiku funga mabomba yote maji yasitumike uangalie kama mita ya maji inasogea. Kama halivuji, fungua madirisha kila siku, rudia nailoni baada ya wiki tatu pale pale na sehemu nyingine mbili. Kwa sasa watoto watandikie mkeka wa ukindu jioni, asubuhi uviringishe uusimamishe ukutani. Picha ya nailoni ya pili nitumie niione.