Jinsi ya Kuanzisha Kikundi cha Kuigiza Maisha ya Wapagazi na Askari wa Vita Kuu ya Kwanza

Ukitaja kuigiza Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki, watu huwaza bunduki kwanza. Nakushauri uanze na mzigo. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na wao ndio waliokufa kwa wingi zaidi, hasa kwa kuhara, malaria na lishe duni. Wengi hawakuandikwa jina kwenye kaburi lolote. Mnara wa kumbukumbu wa Nairobi wa mwaka 1928 unawaita miguu na mikono ya jeshi, na kikundi chako kiwape nafasi hiyohiyo.

Hatua ya 1: Chagueni kipande kimoja cha vita

Watu wanane au kumi wanatosha kuanza. Vita vilienea kutoka pwani hadi Msumbiji na kwingineko, kwa hiyo msijaribu kubeba vyote. Njia ya Voi, Maktau na Taveta mwanzoni mwa 1916 ni mahali pazuri: reli ilikuwa inajengwa kuelekea mpaka wa koloni la Wajerumani, leo Tanzania, na Februari 12 mwaka huo Waingereza walishindwa kukiteka kilima cha Salaita kilichoshikwa na Wajerumani.

Hatua ya 2: Tafuteni habari kwa wazee na kwenye kumbukumbu

Nendeni Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, kisha mrudi vijijini. Msimuulize mzee "unajua nini kuhusu vita?" Muulizeni babu yake alichukuliwa akiwa wapi, nani alimchukua, na kama alirudi. Mwaka 1917 wanaume walikusanywa kwa nguvu kwa maelfu, na kuna familia ambazo bado zinaikumbuka siku hiyo. Jina la mtu msilitumie hadharani kabla familia yake haijakubali. Msiwasahau askari na wapagazi wa upande wa Wajerumani. Nao walikuwa watu wa huku.

Hatua ya 3: Tengenezeni vifaa

Mpagazi alibeba takriban kilo 25. Anzeni mazoezi na kilo 8 au 10, tena kwa mtu mwenye shingo nzima tu. Sokoteni kitambaa kizito cha pamba kuwa kata, muiweke utosini. Ikisogea mbele hata kidogo, mzigo unavuta paji la uso na shingo inaanza kuuma baada ya hatua chache. Hapo ndipo kila mwigizaji mpya huacha kuongea, na mimi huwa nafurahi kuona hivyo, maana sasa anaanza kuelewa.

Mengine ni machache: blanketi moja kwa mtu, sufuria ya kikundi, masanduku ya mbao yasiyo na rangi, na kibati chenye namba cha kuvaa shingoni. Miguu peku iwe ya hiari, kwenye njia iliyokaguliwa miiba na vioo. Posho ilikuwa hasa unga wa mahindi. Uonyesheni, na mweleze kwamba unga uliopikwa nusunusu, bila kuni wala muda wa kutosha, uliwaumiza sana watu waliozoea vyakula vingine.

Hatua ya 4: Ruhusa, kabla ya kushona sare

Sheria za Kenya zinakataza raia kuvaa sare za jeshi bila idhini, kwa hiyo pelekeni michoro ya kaki zenu polisi mapema. Bunduki ziwe za mbao, nazo zitajwe kwenye barua. Mkusanyiko wa hadhara hutolewa taarifa kituoni siku 3 hadi 14 kabla. Mwenye shamba naye aombwe. Kwenye makaburi ya Voi, Maktau na Taveta msiigize kitu. Wekeni maua tu.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Wengi huchagua Novemba 11, siku vita vilipokoma Ulaya. Mimi napendelea Novemba 25, kwa kuwa huku vita viliendelea baada ya Ulaya kunyamaza: von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimisha jeshi lake Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918.

Tembeeni kilomita mbili au tatu na mizigo, gaweni posho, kisha mwite majina. Msiigize vifo, watoto hucheka, na wajukuu wa marehemu wapo palepale. Jina lisilojulikana lisomwe hivi: "Mpagazi, jina halikuandikwa," halafu msomaji ahesabu hadi tano kimyakimya kabla ya kusoma linalofuata. Wiki hiyohiyo, kila familia iliyowapa habari ipelekewe nakala ya mlichorekodi.