Somo: Kuandaa kisomaji cha Android na kuhamishia vitabu vyako

Wakuu, habari za saa hizi. Somo hili ni kwa mwenye kisomaji cha vitabu kinachotumia Android, hasa hivi vya Boox vinavyotengenezwa na kampuni ya Onyx ya Guangzhou, China. Kioo chake ni cha wino wa kielektroniki. Hakikuchomi macho kama simu, kinasomeka hata juani, na ukikitumia kwa kusoma tu chaji inakaa siku nyingi. Tofauti yake na Kindle, kisomaji cha Amazon, ni kwamba ndani kuna Android kamili, kwa hiyo unaweka programu unayoitaka. Uhuru huo ndio unaowaponza wengi: wanakijaza programu kama simu, halafu wanalalamika kwamba kimekuwa kizito na chaji haikai.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kazi yenyewe iko kwenye kompyuta, katika kuandaa mafaili. Kuhamisha ni dakika chache tu. Kitabu kilichoandaliwa ovyo kitasomeka ovyo hata kwenye kifaa cha bei mbaya.

Majina ya menyu nayaandika kama yanavyotokea kwenye kioo. Toleo lako likitofautiana kidogo, tafuta linalokaribiana nalo.

Hatua ya 1: Kukiwasha

Chagua lugha, unganisha Wi-Fi, kisha hakikisha tarehe na saa ziko sawa. Hili la tarehe watu hulipuuza. Vyeti vya usalama vya tovuti vina muda wake, na kifaa chenye tarehe ya miaka mitatu nyuma kitaviona si halali. Matokeo yake Wi-Fi inaonyesha imeshika, lakini hakuna kinachofunguka, nawe unaanza kumlaumu mwenye mtandao.

Kikikuomba kufungua akaunti ya Onyx, unaweza kuruka. Kikikuletea sasisho la mfumo, likubali, ila lifanyie kwenye Wi-Fi ya uhakika. Mafaili hayo ni makubwa, yatamaliza bando lako.

Hatua ya 2: Play Store, kama unaihitaji

Nenda Settings, halafu Apps, weka tiki kwenye Enable Google Play. Baadhi ya matoleo yatakuonyesha namba iitwayo GSF ID na kukutaka uisajili kwa Google. Isajili, subiri kidogo, kisha uzime na kuwasha kifaa ndipo uingie na akaunti yako.

Mimi ushauri wangu: kama utasoma vitabu ulivyo navyo tu, usiiwashe kabisa. Programu ya kusomea iliyokuja nayo, NeoReader, inafungua mafaili ya aina za EPUB, PDF, MOBI, AZW3, TXT na DJVU. Huduma za Google zinafanya kazi chinichini muda wote na chaji utaiona inavyoshuka.

Hatua ya 3: Kuandaa vitabu kwenye kompyuta

Hapa ndipo pa kukaa. Pakua Calibre, programu ya kupanga na kugeuza vitabu vya kielektroniki. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Iliandikwa na Kovid Goyal kuanzia 2006 na hadi leo sijaona ya kuishinda.

Ingiza vitabu vyako ndani ya Calibre, kisha tazama orodha. Kama wewe ni kama wengi wetu, nusu yake itakuwa na majina ya aina ya DOC-20230411-WA0007, kwa sababu yalitoka WhatsApp. Ukiyahamisha hivyo hivyo, maktaba yako itakuwa kama rundo la karatasi zisizo na jalada. Chagua kitabu, bonyeza Edit metadata, andika jina la kitabu na la mwandishi, weka picha ya jalada kama unayo.

Hapo hapo kuna kisanduku cha lugha. Usikiruke. Mafaili mengi ya Kiswahili yameandikwa ndani kwamba lugha ni Kiingereza, kwa kuwa aliyeyatengeneza hakubadilisha. Programu ya kusomea inaamini ilichoambiwa: inakata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na ukitaka kusomewa kwa sauti, inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Mzungu aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Andika Swahili, hifadhi, tatizo limekwisha. Kama kitabu ulikwishakihamisha, kihamishe upya, maana marekebisho yanakaa kwenye nakala ya Calibre.

Sasa aina ya faili. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua EPUB. Hiyo maandishi yake yanatiririka: ukikuza herufi, mistari inajipanga upya kulingana na kioo. PDF ni ukurasa uliogandishwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya karatasi, na kwenye kioo cha inchi 6 utakuwa unasukuma ukurasa kushoto na kulia kama unayetafuta kiberiti gizani.

Je, Calibre haiwezi kugeuza PDF iwe EPUB? Inaweza, lakini usitegemee makubwa. Ndani ya PDF hakuna aya. Kuna herufi na mahali pa kuziweka. Calibre inakisia tu aya inaishia wapi. Ndiyo maana unasoma mhusika anaagana na mkewe, ghafla katikati ya sentensi inatokea namba 147 na jina la sura, halafu sentensi inaendelea. Na kama PDF hiyo ni picha za kurasa zilizoskaniwa, hakuna maandishi ya kugeuza hata kidogo.

Ikiwa chanzo ni Word, hali ni nzuri mno. Hakikisha vichwa vya sura vimewekwa kwa mtindo wa Heading 1, si kukoza herufi tu, kisha geuza DOCX kwenda EPUB. Orodha ya yaliyomo itajitengeneza yenyewe. Wenye tasnifu na miswada ya riwaya, njia yenu ni hii.

Jambo moja dogo linaloudhi: Calibre ina chaguo la Smarten punctuation, la kupendezesha alama za uandishi. Ukiliwasha, kile kikoma cha juu katika ng'ombe kinageuka kuwa kilichopinda. Kwa macho kinapendeza, lakini ukitafuta ng'ombe kwa kibodi ya kifaa, ambayo inaandika kikoma kilichonyooka, unaweza kuambiwa hakuna ng'ombe hata mmoja kwenye kitabu kizima cha wafugaji. Liache limezimwa. Kama limeshatumika, tafuta "ombe" peke yake.

Mwenye watoto na hana pa kuanzia, aangalie tovuti ya African Storybook. Ina hadithi nyingi za Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, zimetolewa kwa leseni huria, unapakua bila kificho. Vitabu vya waandishi wetu vinavyozungushwa kwenye magrupu bila ruhusa yao, humu sifundishi namna ya kuvipata.

Hatua ya 4: Kuhamisha

Njia ya waya. Chomeka USB, vuta juu ya kioo kushuka chini, chagua File transfer. Kwenye Windows kifaa kitatokea kama simu. Fungua hifadhi yake, ingia folda ya Books, bandika vitabu humo. Folda hiyo ndiyo inayosomwa na Library, yaani rafu ya vitabu ya kifaa. Ukibandika kwingine kitabu kipo lakini kwenye rafu hukioni. Calibre nayo ikikitambua kifaa italeta kitufe cha Send to device, na itapanga folda kwa jina la mwandishi.

Kompyuta isipoona chochote, badilisha waya kabla ya kubadilisha kitu kingine. Waya nyingi za mitaani zinapitisha umeme wa kuchaji tu, hazina nyuzi za data. Watumiaji wa Mac wanahitaji programu ya ziada, mfano OpenMTP, kwa kuwa Mac haisomi vifaa vya Android moja kwa moja.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia mimi, ni BooxDrop. Iko ndani ya kifaa, kwenye Apps. Ukiifungua inakuonyesha anwani inayoanza na 192.168 au inayofanana nayo. Iandike vilevile ilivyo, pamoja na namba za mwisho baada ya nukta mbili, kwenye kivinjari cha kompyuta au cha simu. Ukurasa utafunguka, unaburuta vitabu, vinaingia.

Sharti ni vifaa vyote viwili viwe kwenye Wi-Fi moja. Huna Wi-Fi nyumbani? Washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta na kisomaji humo, kisha zima data ya simu. Vitabu vinapita baina ya vifaa vyako tu, haviendi intaneti, kwa hiyo bando haliguswi.

Hatua ya 5: Kuweka ukurasa sawa

Fungua kitabu, gusa katikati ya kioo, menyu itatokea. Ongeza herufi na nafasi kati ya mistari mpaka macho yaridhike. Maneno yetu ni marefu. Mstari wenye "yaliyowasababishia" ukilazimishwa kunyooka pande zote mbili unaacha mashimo katikati. Panga kushoto tu. Ukipenda fonti nyingine, tengeneza folda iitwayo fonts kwenye hifadhi ya kifaa, weka mafaili ya fonti (TTF) humo, utayakuta kwenye orodha.

Kivuli cha ukurasa uliopita kubaki kwenye kioo ni kawaida ya wino huu. Chagua hali ya HD au Normal kwa vitabu. Zile hali za kasi ziwekee kivinjari.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi sina hela ya hicho kifaa. Simu yangu ya zamani ya Android haiwezi kufanya kazi hiyo?

Jibu: Inaweza, ndugu. Weka programu ya kusomea, KOReader au Librera, zote za bure, fuata hatua ya 3 kama ilivyo. Kuhamisha kwa waya ni vilevile. Toa laini, zima arifa zote, punguza mwanga. Utakachokosa ni kile kioo cha juani na chaji ya siku nyingi.

Swali: Nina vitabu nilivyonunua Amazon. Nivihamisheje?

Jibu: Weka programu ya Kindle kutoka Play Store, ingia na akaunti yako, vitashuka humo. Zamani mtu aliweza kupakua faili kwenye kompyuta na kulihamisha kwa USB. Amazon waliiondoa huduma hiyo tarehe 26 Februari 2025. Hapa ndipo Play Store inapokuwa na maana. Ukimaliza kupakua zima Wi-Fi, vitabu vitabaki.

Swali: Nasoma chuo, notsi zote ni PDF za A4. Kifaa changu ni inchi 6. Natoka vipi?

Jibu: Kwanza kata pambizo: kwenye menyu ya ukurasa tafuta Crop, utaona maandishi yanakua papo hapo. Pili laza kifaa, usome nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja. Tatu jaribu Reflow, ambayo inapanga maneno upya. Kwa maelezo ya kawaida inasaidia, kwa majedwali na hesabu inavuruga. Zikiwa zimeskaniwa, Reflow nayo utaichoka. Ukweli ni kwamba kwa kazi ya PDF za A4 kila siku, kifaa kinachokufaa ni cha inchi 10 na kuendelea. Kwa sasa mwombe mhadhiri faili la Word au la slaidi kama anaweza kulitoa.

Swali: Mama yangu macho yamepungua nguvu. Anaweza kusomewa kwa Kiswahili?

Jibu: Anaweza, dada. Huduma ya sauti ya Google inayo sauti ya Kiswahili. Iweke kutoka Play Store, ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague Kiswahili na upakue sauti yenyewe, kisha kwenye NeoReader bonyeza TTS, yaani kusomewa kwa sauti. Angalia kwanza kama kifaa kina spika. Baadhi ya vile vidogo havina, itabidi atumie spika au visikilizio vya Bluetooth. Sauti ni ya mashine, haina mikogo ya msimuliaji, lakini matamshi yanaeleweka. Na mpe kasi ya chini.

Swali: Nikishikilia neno la Kiswahili, kamusi haileti kitu. Kamusi nimeshaweka kwenye folda ya dicts.

Jibu: Umeweka vizuri, shida ni neno. Kifaa kinatafuta "walipomkaribia" zima zima, wakati kamusi imeorodhesha "karibia". Fungua programu ya kamusi uandike shina mwenyewe. Kwa vitabu vya Kiingereza hutapata usumbufu huo.

Swali: Assalamu alaykum. Nina vitabu vya dini, Kiswahili na Kiarabu ukurasa mmoja. Kiarabu kinatoka visanduku vitupu.

Jibu: Waalaykum salaam, sheikh. Fonti uliyochagua haina herufi za Kiarabu. Pakua Amiri, ni ya bure, iweke kwenye ile folda ya fonts, halafu ichague. Ina herufi za Kilatini pia, kwa hiyo Kiswahili hakitaharibika.

Swali: Programu nilizoweka zimegeuka kijivu, na nikizifungua zinaanza upya. Zimekufa?

Jibu: Hapana mkuu, zimegandishwa ili zisile chaji. Shikilia alama ya programu, utaona Freeze kwenye chaguo, iondoe kwa ile unayotaka ibaki macho. Nyingine ziache zilale.