Namna ya Kuandaa Mapendekezo ya Kurekebisha Sheria ya Wakimbizi

Maelekezo haya ni kwa asasi, wanasheria na madiwani wa Mbeya, Songwe na Iringa wanaotaka maoni yao kuhusu kuwapokea wakimbizi na kuwawezesha kutangamana na wenyeji yafike bungeni yakiwa na uzito. Kambi ziko Kigoma, lakini mipaka ya Tunduma na Kasumulu iko huku kwetu, na sheria ni ileile.

Anza kwa kubaini ni waraka upi wenye kasoro. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 hubadilishwa na Bunge, lakini Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya mwaka 2003 ni ya Serikali, na maeneo maalumu ya kuishi wakimbizi hutangazwa na Waziri kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Mapendekezo mengi hupotea hapa: yanaliomba Bunge jambo ambalo Waziri angeweza kulimaliza kwa tangazo, au yanamwomba Waziri jambo ambalo sheria haimruhusu.

Kisha soma sheria ukiwa na mtu halisi kichwani. Chukua mama aliyevuka Mto Songwe usiku akiwa na watoto na kufikia kijiji cha Ileje. Sheria inamtaka ajitokeze ndani ya siku 7, na miongoni mwa anaoweza kujitokeza kwao ni mtendaji wa kijiji. Sasa jiulize mtendaji huyo atafanya nini asubuhi hiyo: ana fomu gani mezani, atampigia nani simu, na nini kitamzuia mama huyo asifunguliwe shauri la uhamiaji kabla ombi lake halijasikilizwa? Kila swali lisilopata jibu katika sheria au kanuni liandike pembeni, kwa sababu hapo ndipo pendekezo lako linapozaliwa. Njia hii ya mpakani hupita pia wasafiri wanaoelekea Afrika Kusini kutafuta kazi, na wajumbe wa kamati watakuuliza utawatofautisha vipi; usiende bila jibu.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu, nayo ni kuandika kifungu chenyewe badala ya malalamiko. Usiseme kwamba wakimbizi wapewe haki ya kufanya kazi, ukaishia hapo. Sheria ya sasa inampa Mkurugenzi wa huduma kwa wakimbizi hiari ya kutoa kibali cha kazi, na hiari hiyo ndiyo ya kuwekewa mipaka. Unaweza kupendekeza hivi: “Ndani ya siku 30 tangu kupokea ombi, Mkurugenzi atatoa kibali cha kazi kwa mkimbizi aliyeomba, na endapo atakataa, atatoa sababu kwa maandishi.” Sentensi kama hiyo inaweza kuingizwa moja kwa moja katika jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko ambayo mbunge huwasilisha kwa muswada. Kurasa kumi za manung’uniko hakuna mbunge wa kuzibeba.

Angalia pia sheria nyingine za nchi zinazogusana na hiyo. Kibali cha kazi kinagusa sheria ya ajira za wasio raia ya mwaka 2015. Makazi ya kudumu yanagusa Sheria ya Uraia. Kilimo kinagusa sheria za ardhi za mwaka 1999, ambazo hazimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Suala la ardhi lisipitiwe juu juu, kwa kuwa mkulima wa viazi wa Mbeya Vijijini atauliza shamba litatoka wapi. Kwa maoni yangu, ni salama zaidi kupendekeza haki ya kutumia ardhi kwa muda, kwa ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, kuliko kugusa umiliki.

Kwa ushahidi, mfano wa nyumbani una nguvu kuliko wa mbali. Warundi waliokimbia mwaka 1972 waligawiwa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakajitegemea kwa chakula, na zaidi ya 160,000 kati yao wakakubaliwa baadaye kuwa raia. Zambia, ng’ambo ya Tunduma, ilitunga sheria mpya mwaka 2017, Kenya mwaka 2021, na Uganda ina sheria ya mwaka 2006. Zisome kwa ajili ya maneno ya vifungu, si kwa kujilinganisha.

Mwisho ni njia na wakati. Peleka mapema nakala kwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na kwa Tume ya Kurekebisha Sheria, kwani mawazo ya muswada wa Serikali huanza kujadiliwa kabla haujasomwa bungeni Dodoma. Baada ya kusomwa mara ya kwanza, kamati inayohusika huwaita wadau, mara nyingi kwa taarifa ya siku chache, na muswada wa hati ya dharura, yaani ule ambao Serikali inaomba upitishwe haraka, hukimbia zaidi. Kwa hiyo waraka uwe tayari, kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya sheria, usiozidi kurasa 4, ukiwa na safu tatu: kifungu kilivyo, kinavyopendekezwa kuwa, na sababu.