Namna ya Kuisoma na Kuitunza Ramani ya Zamani ya Jimbo la Kusini

Ukibahatika kurithi au kununua ramani ya zamani ya huku kwetu kusini mwa Tanzania, palipoitwa Jimbo la Kusini enzi ya Waingereza, usikimbilie kuitundika. Itandaze kwanza juu ya meza kavu, kikombe cha chai kikiwa mbali, uisome taratibu. Mara nyingi mwaka wa kuchapwa huwa umechanika pamoja na ukingo, na umri wa ramani utaujua kwa kutazama kilichomo na kisichokuwamo.

Anzia mdomo wa Mto Ruvuma. Ikiwa mpaka haufuati mto hadi baharini, bali unashuka kusini yake na kuichukua Kionga, basi hiyo ni ramani ya enzi ya Wajerumani, walioitwaa Kionga mwaka 1894. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kipande hicho walipewa Wareno. Kisha tafuta reli. Ukiuona mstari wake ukitoka bandari ya Mtwara kwenda Nachingwea, upo katika miaka ya 1950, kwani reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga ulioanza mwaka 1947, ikadumu kidogo baada ya mpango wenyewe kuvunjika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Ikiwa Lindi na Mtwara ni mikoa miwili, ramani ni ya mwaka 1971 au baada ya hapo.

Hapa ndipo ubishi wa barazani huanzia. Mtu wa Lindi akiiona ramani ya Jimbo atakukumbusha kwamba makao makuu yalikuwa kwao kabla ya kuhamishiwa Mtwara. Wa Mtwara atakujibu kwa kina cha bandari yake. Wa Kilwa atawaacha wamalize, kisha aweke kidole juu ya Kilwa Kisiwani bila kusema neno. Waache wabishane, maana watakutajia mengi ambayo mchoraji hakuyaandika.

Kuhusu utunzaji, adui mkubwa wa karatasi katika pwani yetu ni unyevunyevu, akifuatiwa na mende na mchwa. Usizibe mipasuko kwa selotepu, kwa kuwa gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na kupenya hadi upande wa pili. Usikubali pia ramani igandishwe kwenye ubao: fundi mmoja aliigandisha yangu kwa gundi ya mbao, na masika ya kwanza tu ikavimba malengelenge kuanzia Newala hadi Masasi. Mwagize fundi aweke ukingo wa kadi nene kati ya karatasi na kioo ili visigusane, kisha itundike kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua.

Kabla ya kuitia kwenye fremu, ipige picha mchana kivulini, utoe nakala kubwa. Nakala hiyo ndiyo ya kuwapelekea wazee pamoja na penseli, wakuonyeshe mahame, yaani vijiji vilivyoachwa watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970. Andika jina kama mzee anavyolitamka, hata kama ramani imeliandika vingine, na pembeni uandike nani alikuonyesha na siku gani.