Somo: Kupanga malisho ya nyuki kuzunguka manzuki, yaani mahali inapowekwa mizinga (Tabora)

Ndugu zangu wafugaji, wengi mnaniuliza mpande nini ili nyuki wasihame. Kabla ya kutafuta mbegu, jueni kwanza nyuki wenu wanakosa chakula miezi gani.

Hatua ya 1: Kalenda ya maua. Hapa usiwe na haraka. Chukua daftari, zunguka manzuki kila wiki kwa mwaka mzima, andika mti gani umechanua. Nenda asubuhi, usimame chini ya mti wenye maua; ukisikia mvumo juu, mti huo una chakula. Kisha kaa ubavuni mwa mzinga uangalie mlangoni. Nyuki anayeingia na vidonge vya njano miguuni ameleta chavua. Anayetua kwa uzito, tumbo limejaa, ameleta mbochi (maji matamu ya maua) au maji. Huku kwetu mti wa mtundu huchanua mwishoni mwa kiangazi, na mti wa muba hufuata mvua zikielekea kuisha. Kwa kawaida njaa huwa kwenye mvua kubwa za Januari na Februari, halafu tena kwenye baridi ya Julai na Agosti. Lakini daftari lako ndilo liamue, maana Sikonge si Igunga.

Hatua ya 2: Hesabu ya eneo. Nyuki huweza kwenda kilomita 3 kutafuta chakula. Duara la ukubwa huo lina karibu ekari 7,000. Ekari yako moja ya alizeti haiwezi kulisha manzuki. Kazi yake ni kuziba pengo tu. Malisho yenyewe ni msitu. Ukikata mitundu ya kukaushia tumbaku halafu ukapanda nusu ekari ya maua, umewapunguzia nyuki chakula. Na mizinga ya magome tuiache jamani! Mti ukichunwa gome kuuzunguka, unakufa.

Hatua ya 3: Panda kuziba pengo. Alizeti huchanua takriban miezi miwili baada ya kupandwa, kwa hiyo ya mwanzoni mwa Desemba inakufaa Februari. Ligawe shamba mara tatu, upande kwa kupishana wiki mbili, ili maua yasiishe kwa mpigo. Kwa kipupwe, mbaazi za muda mrefu na miembe husaidia sana. Penye unyevu, pembezoni mwa bonde, weka kaliandra, mti mdogo wa malisho; majani yake mbuzi wanayapenda.

Hatua ya 4: Maji. Beseni lenye mawe yaliyochomoza juu ya maji, nyuki wasizame. Kiangazi chote lisikauke.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko Urambo, jirani yangu analima tumbaku na anapiga dawa. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Mwendee kabla ya msimu, mzungumze kwa heshima. Tumbaku hukatwa vilele kabla haijachanua sana, hivyo hatari kubwa ni dawa inayopeperuka hadi kwenye magugu na mazao yenye maua. Mwombe apige jioni nyuki wakisharudi, upepo ukiwa umetulia. Ila zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea na kukaa humo. Kwa hizo jioni haitoshi. Mwulize anatumia ipi, na ikibidi hamisha manzuki.

*Mwalimu, mizinga yangu ni mitupu. Nikipanda alizeti nyuki wataingia?*

Mama yangu, maua peke yake hayajazi mzinga. Paka nta ndani, utundike kabla mtundu haujachanua, makundi yanapotafuta makazi. Alizeti itakusaidia kuwatunza wakishaingia.

*Mikaratusi je? Nasikia ina asali.*

Ni kweli, nyuki wanaipenda. Lakini inakunywa maji mengi, usiiweke karibu na kisima wala kijito. Mimi ningechagua kuacha machipukizi ya mtundu yakue palepale yalipo, kwa kuyakinga na moto. Lima njia ya moto, yaani ukanda usio na nyasi wa kuzuia moto, kuzunguka manzuki mwezi Mei au Juni, kabla nyasi hazijakauka kabisa.