Tovuti yako bado ni Drupal 7? Anzia hapa

Drupal 7, toleo la saba la programu ya kuendeshea tovuti iitwayo Drupal, ilitoka Januari 5, 2011. Tangu Januari 5, 2025 timu ya usalama ya mradi haitoi tena viraka vyake, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama. Tovuti haizimiki, inafunguka kama kawaida, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi ninapoona chama cha akiba na mikopo bado kinapokea taarifa za wanachama humo.

Kwanza chukua nakala kamili, faili pamoja na hifadhidata, uiweke nje ya seva. Ijaribu kwa kuirejesha kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa mimi siihesabu. Moduli (vipande vinavyoiongezea Drupal kazi) usizotumia ziondoe kabisa, usiziache zimezimwa tu.

Kisha tafuta kampuni inayouza msaada wa usalama wa muda mrefu. Utaratibu huu si mgeni: msaada rasmi wa Drupal 6 ulikoma Februari 2016, lakini tundu kubwa lilipotangazwa Machi 28, 2018, wenye tovuti hizo walipata kiraka kupitia watoa msaada wa aina hii. Kabla ya kulipa, waulize: mnashughulikia moduli zangu zote au kiini cha Drupal peke yake? Mnaunga mkono toleo gani la PHP, lugha iliyoandikiwa Drupal? Tundu likijulikana asubuhi, kiraka kinanifikia lini? Swali la kwanza ndilo zito, kwa sababu moduli za nje nazo hutoboka.

Bajeti haitoshi? Ipo Backdrop, programu iliyochipuka kutoka Drupal 7, na ina njia ya kuhamishia data. Tovuti ya matangazo tu ningeigeuza kurasa tuli za HTML, zisizohitaji Drupal wala hifadhidata, wiki hii hii.