Umekabidhiwa semina za kitivo cha sheria? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Mwaka wangu wa kwanza kama mhadhiri msaidizi nilikabidhiwa semina za kitivo kama mtu anavyokabidhiwa ufunguo wa stoo, hamna maelezo, ni "we ndo kijana, utaendesha." Semina ya kwanza nikaiharibu. Mtoa mada alikuja na slaidi 74, alipofika ya 31 saa ikawa imeisha, mwenyekiti akamshukuru kwa mada nzito, tukala sambusa tukaondoka, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza swali. Watu walisema ilikuwa nzuri. Sasa hapo ndo nilijua ilikuwa mbaya.

Huu ni utaratibu ninaoutumia siku hizi. Nitatembea na mfano mmoja tu, ile hoja ya muundo wa msingi wa katiba, yani kwamba kuna vitu ndani ya katiba ambavyo bunge haliwezi kuving'oa hata likipiga kura zote zikatimia. Nimeichagua kwa sababu inachemsha chumba, afu pia yenyewe ilipita kwenye ukumbi wa chuo kabla haijafika mahakamani, nitafika huko.

Hatua ya 1: tafuta swali

"Mabadiliko ya Katiba Afrika Mashariki" ni mada, ukiibandika kwenye bango watakuja wale wanne wanaokuja kila mara. Swali ni hili: mahakama inaweza kufuta ibara ya katiba yenyewe? Hapo kila aliyesoma sheria ana upande wake tayari.

Kipimo changu cha swali zuri ni kwamba majaji wenye akili zao timamu wameshalijibu tofauti. Hili limepita kipimo mpaka basi. Kenya, kwenye kesi ya BBI, yani ule mpango wa kubadilisha katiba uliobebwa na Rais Uhuru Kenyatta, Mahakama Kuu tarehe 13 Mei 2021 ikiwa na majaji watano ilisema muundo wa msingi upo, na ukitaka kuugusa lazima upite njia nne: elimu ya uraia, ushirikishwaji wa wananchi, bunge la katiba, afu kura ya maoni. Mahakama ya Rufaa wakaikubali hoja hiyo kwa wingi wa kura tarehe 20 Agosti mwaka huohuo. Mahakama ya Juu ikaja tarehe 31 Machi 2022 ikasema hapana, fundisho hilo halitumiki Kenya, jaji mmoja tu kati ya saba ndo alipinga. Ukija huku kwetu Tanzania una kesi ya Mchungaji Mtikila ya mgombea binafsi: Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 1994, bunge likabadilisha katiba kuziba huo mlango, akarudi tena Mahakama Kuu akashinda, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema sio kazi ya mahakama kutangaza ibara ya katiba kuwa batili, afu Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013 ikasema Tanzania imevunja haki zake. Sasa mtu akikaa na hizo hukumu mezani akikosa cha kusema basi amekuja kwa ajili ya chai.

Hatua ya 2: mfuate mwenye rasimu

Hapa wengi tunakosea, tunamfuata mwenye jina. Mwenye jina atakuja na hotuba aliyoitoa sehemu tatu, haitaki kuguswa. Mtafute mtu mwenye andiko ambalo halijaisha na linamsumbua, hata kama ni mwanafunzi wa uzamivu, hata kama ni wakili wa mtaani anayeandika usiku.

Na usidharau mgeni asiyejulikana. Februari 1965 msomi mmoja wa Kijerumani wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Dietrich Conrad, alitoa mhadhara kwenye kitivo cha sheria cha Banaras, India. Kwao katiba ya 1949 ina ibara ya 79 inayokataza mambo fulani kubadilishwa milele, walishaumwa na nyoka enzi za Hitler. Akawauliza Wahindi kitu kama mzaha: je, bunge lenu likifuata taratibu zote za kubadilisha katiba, linaweza kuifuta yote na kumrudisha mfalme wa Kimoghul, au taji la Uingereza? Nakala ya mhadhara ikamfikia wakili M. K. Nambyar, akaipeleka hoja Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Golaknath mwaka 1967, haikupita kama alivyotaka. Ikapita 24 Aprili 1973 kwenye Kesavananda Bharati, majaji 13, kura 7 kwa 6. Huko ndiko ilikotoka mpaka ikafika Nairobi. Yani mchana mmoja wa kitivo, mgeni mmoja, swali moja lililoulizwa vizuri. Kila mtu akiniambia semina ni kupoteza muda namsimulia hii afu naendelea na kazi zangu.

Hatua ya 3: rasimu iende siku saba kabla

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote unaweza kuharibu kidogo ukapona. Semina ambayo watu hawajasoma ni hotuba, na hotuba wanaweza kuisikiliza redioni.

Mambo ya kumwambia mtoa mada, nayaandika kwenye ujumbe mmoja nisiyasahau:

Kurasa zisizidi 25. Akiwa na sura nzima ya tasnifu achague kipande kinachomuuma.

Aya zote ziwe na namba, kama hukumu. Hii ilibadilisha semina zetu kuliko kitu kingine chochote. Bila namba mtu anasema "pale uliposema kuhusu uhuru wa mahakama" afu dakika tano tunatafuta ni wapi. Ukiwa na namba mtu anasema "aya ya 14, sentensi ya pili, umeandika Mahakama ya Juu 'ilizika' fundisho, lakini hukumu uliyoitaja haikuzika kila kitu," na chumba kizima kinafungua aya ya 14, unasikia karatasi zinavyolia.

Juu kabisa kuwe na ikisiri ya nusu ukurasa: nadai nini, nani atanikatalia, nikiwa sahihi nini kinabadilika. Asipoweza kuijaza hiyo nusu, andiko bado bichi, mpe tarehe nyingine bila kumwaibisha.

Itume kama PDF kwenye grupu la WhatsApp pamoja na barua pepe, maana ukweli ni kwamba watu wanasoma kwenye simu, kwenye foleni. Siku mbili kabla kumbusha mara moja. Ukikumbusha mara nne wanazima sauti ya grupu.

Hatua ya 4: mchokoza mada achokoze kweli

Huyu ndo anayeijibu rasimu kabla ya maswali. Dakika 10, sio zaidi. Kazi yake ina sehemu mbili: kwanza aieleze hoja ya mwenzake vizuri kuliko mwenyewe alivyoiandika, afu ndo aitikise. Nachagua mtu wa fani nyingine kidogo, katiba nampa mtu wa ardhi au wa kazi, kwa sababu watu wa fani moja wanalindana au wana ugomvi wa zamani, na vyote viwili vinachosha wasikilizaji.

Kwenye mfano wetu, rasimu ilidai kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya imeliacha bunge na rais huru. Mchokoza mada wetu, dada mmoja anayefundisha ardhi, aliuliza swali moja tu kubwa: mbona mahakama hiyohiyo, siku hiyohiyo, ilisema rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ya ibara ya 257, ile ya kukusanya sahihi milioni moja za wananchi? Na mbona yale majimbo mapya 70 yaliyochomekwa kwenye muswada yalianguka kwa kukosa ushirikishwaji? Yani mlango wa mbele umeachwa wazi ila dirishani kuna nondo. Je, kinga ya katiba inatakiwa iwe fundisho la majaji au inatosha kuwa utaratibu ulioandikwa? Mtoa mada alikaa kimya kidogo, akachukua kalamu, akaandika. Nikajua leo tumepata semina.

Hatua ya 5: chumba na chai

Meza ziwe duara au herufi U. Chai ije mwanzo, sio mwisho, watu wakishika kikombe wanakaa. Usimtegemee mtu wa projekta.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Dakika 90 jumla. Mtoa mada dakika 12 bila slaidi, kwa sababu tumesoma. Atakataa, atasema ana picha mbili muhimu, mwambie azichape.

Afu maswali, na hapa unahitaji roho ngumu kidogo. Wa kwanza kuuliza wawe wadogo: wanafunzi, wahadhiri wasaidizi, mpaka watatu wapite ndo wakubwa waingie. Ukianza na profesa, wote wanaofuata wataanza na "kama alivyosema profesa." Mimi nilienda kwa wazee wa kitivo mmoja mmoja kabla, shikamoo mwalimu, naomba ruhusa yako tuwape nafasi vijana waanze. Hakuna aliyekataa, mmoja alicheka akasema hata yeye amechoka kuanza. Ungetangaza mbele ya watu bila kuwaomba ungekuwa umewavunjia heshima na semina ingekuwa imeisha.

Yule wa "nina maoni matatu na nyongeza moja" yupo kila kitivo, hata chako yupo. Mkatishe kwa upole mapema: "Mwalimu, katika hayo matatu, lipi ungependa ajibu sasa hivi?" Linamsaidia hata yeye. Na mtu akiuliza swali linalofuatia lilelile lililopo mezani, mpe nafasi aruke foleni, anyanyue kidole kimoja, mwenye swali jipya anyanyue kiganja kizima. Siku ya kwanza watacheka, ya tatu wataanza kukumbushana wenyewe.

Kuhusu lugha, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama hapa Tanzania, sisi tunaruhusu rasimu ya lugha yoyote ila mjadala ni Kiswahili. Mwanzoni ilikuwa taabu, watu wanakwama kwenye istilahi wanarudi Kiingereza. Lakini niligundua kitu, mtu akilazimika kusema "mamlaka ya wananchi ya kuunda katiba" badala ya lile neno la vitabuni, "constituent power", anaulizwa hapohapo "wananchi gani, kwa kikao gani?" na inabidi ajibu. Istilahi ya kigeni ilikuwa inamfichia.

Hatua ya 7: ndani ya siku mbili

Wakati wa mjadala mwanafunzi mmoja anaandika maswali yote na namba za aya, anazungushia duara mara mbili yale ambayo hayakujibiwa. Karatasi hiyo inapigwa picha inaenda kwa mtoa mada kabla hajasahau, na baada ya miezi miwili namuuliza amefanya nini na yale yaliyozungushwa. Yule wa rasimu ya BBI alinijibu kwa kunitumia toleo jipya, neno "ilizika" limetoka, aya ya 14 imekuwa kurasa tano, na anaomba tarehe nyingine. Nimempa Jumatano ya mwezi ujao, mchokoza mada ni yuleyule dada wa ardhi, kaniambia bado hajaridhika na lile dirisha.